Ndizi Nyeusi za Sekela

Mtoto huyu anaitwa Sekela. Ana miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Sekela anakaa Tukuyu na mama yake. Tukuyu kuna migomba mingi, na mvua ikianza kunyesha haijui kuacha.

Kwa Kinyakyusa, Sekela maana yake ni furahi.

Lakini Jumamosi moja Sekela hakufurahi. Hata kidogo. Hata kidogo kabisa!

Ngojeni niwaambie ilivyokuwa.

Siku moja Mwalimu Lugano alileta mkate wa ndizi darasani. Akaukata vipande vidogo vidogo. Kila mtoto akapata kimoja.

Sekela akala. Mmm! Mlaini. Mtamu. Akalamba vidole vya mkono wa kulia, kisha akalamba na vya mkono wa kushoto.

"Mwalimu, mkate huu unapikwaje?" akauliza.

"Kwa ndizi nyeusi," Mwalimu akasema.

Watoto wakacheka. "Nyeusi? Si zimeoza hizo!"

"Hazijaoza. Zimeiva sana," Mwalimu akasema. "Nyeusi nje, tamu ndani."

Nyeusi nje, tamu ndani! Sekela alirudia maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani. Mkononi alishika karatasi. Mwalimu alikuwa amemwandikia kila kitu.

Mama akaisoma karatasi. Akaisoma tena.

"Mimi najua ndizi za kuchemsha," Mama akasema. "Najua na za kukaanga. Lakini mkate wa ndizi? Sijui, mwanangu."

"Na mimi sijui," akasema Sekela.

"Basi tutajifunza wote. Jumamosi."

Mama akampa Sekela chane moja ya ndizi. Sekela akaiweka ndani ya kikapu, karibu na dirisha la jikoni.

Jumatatu, ndizi zilikuwa za njano.

"Mama, tayari?"

"Bado."

Jumatano, ndizi zilikuwa na madoa.

"Mama, tayari?"

"Bado kidogo."

Ijumaa, ndizi zilikuwa karibu nyeusi zote.

"Mama, tayari?"

"Kesho!"

Siku zote hizo Sekela hakula hata ndizi moja. Hata aliporudi kutoka shuleni na njaa, alizinusa tu. Nsss! Kisha akaondoka haraka, asije akashawishika.

Ijumaa hiyo jioni akaja mgeni kutoka Kyela. Alikuwa Mamdogo Tusajigwe, mdogo wake Mama. Alileta mchele, na kicheko kikubwa cha kujaza nyumba.

Mamdogo hawezi kukaa bure. Akikaa, mikono inamwasha. Lazima afagie, lazima asugue, lazima apange.

Jumamosi asubuhi Sekela akaamka mapema. Akakimbia jikoni. Pata-pata-pata!

Kikapu kilikuwa kitupu.

Sekela akatazama ndani ya kikapu. Akatazama nyuma ya kikapu. Akatazama chini ya meza. Hakuna ndizi.

Nje akasikia sauti. Chwa. Chwa. Chwa.

Alikuwa Madoa, ng'ombe wao. Madoa alikuwa anatafuna. Ganda jeusi la ndizi lilikuwa linaning'inia mdomoni mwake.

Chwa. Chwa. Mwap! Na ganda likapotea.

Mamdogo alisimama pale na ufagio. "Umeamka, mwanangu? Nimesafisha jiko lote! Kulikuwa na ndizi zimeoza, nimempa ng'ombe."

Sekela akafungua mdomo. Akaufungua zaidi.

"NDIZI ZANGUUU!"

Kuku wakaruka. Madoa akaacha kutafuna.

Na Mamdogo je? Mamdogo akacheka. "Ha ha ha! Ndizi tu? Tukuyu nzima imejaa ndizi!"

"Usicheke!" akasema Sekela.

Mamdogo akacheka zaidi.

Sekela akakunja uso. Akakunja mikono. Akapumua kama ng'ombe dume.
Fuu! Fuu! Fuu!

Akaingia ndani. Akafunga mlango. PA!

Akaingia chini ya meza. Tumbo lake lilikuwa la moto. Masikio yake yalikuwa ya moto. Hata vidole vya miguu vilikuwa na hasira.

Mama akainama chini ya meza. "Sekela, njoo unywe uji."

"Sitaki uji."

"Uji una sukari."

"Sitaki sukari. Nataka ndizi zangu."

Mama akakaa chini kwenye sakafu, hapo hapo. Akakaa tu.

Halafu akauliza, "Umemwamkia Mamdogo leo?"

"Sitaki."

"Sekela. Hasira ni zako, kasirika. Lakini salamu ni salamu."

Sekela akatoka chini ya meza, polepole. Akaenda mpaka alipokuwa Mamdogo. Akautazama ukuta.

"Shikamoo," akauambia ukuta.

"Marahaba," akajibu Mamdogo. Safari hii hakucheka. "Bado umekasirika?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya zile ndizi?"

Sekela akatikisa kichwa. Hapana.

"Sasa kwa sababu ya nini?"

Sekela akavuta pumzi ndefu. "Nilizingoja Jumatatu. Nikazingoja Jumanne. Nikazingoja siku zote! Na wewe hukuniuliza. Halafu ukanicheka!"

Mamdogo akaweka ufagio chini. Akakaa kwenye kigoda. Sasa macho yake na macho ya Sekela yakawa sawasawa.

"Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza. Na nilikucheka. Nimekosa, Sekela. Nisamehe."

Sekela akafikiri. Akalisikiliza tumbo lake. Lilikuwa bado la moto.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Sawa," akasema Mamdogo. "Kasirika."

Mamdogo akachukua kikapu. Akachukua mwavuli. Akatoka nje. Mvua ilikuwa imeanza.

"Anakwenda wapi?" akauliza Sekela.

"Hakuniambia," akasema Mama.

Mvua ikapiga bati. Pata-pata-pata. Sekela akasimama dirishani. Alikuwa bado amekasirika. Lakini aliitazama njia.

Pata-pata-pata. Mamdogo haonekani.

"Mama, amerudi Kyela?"

"Begi lake si lile pale?"

Sekela akalitazama begi. Lilikuwepo. Akarudi dirishani.

Hatimaye akamwona! Mamdogo alikuwa ameloa chapachapa. Viatu vilikuwa vya tope. Mwavuli ulikuwa umegeuzwa na upepo, unatazama juu kama bakuli.

Ndani ya kikapu kulikuwa na ndizi sita. Nyeusi. Nyeusi ti!

"Umezipata wapi?" akauliza Sekela.

"Sokoni. Muuzaji wa kwanza ana ndizi mbichi. Wa pili ana za njano. Wa tatu nikamwambia, 'Nataka ndizi nyeusi.' Weee! Wakanicheka. 'Njooni mmwone mama huyu, anataka ndizi za kutupa!'"

Sekela akatoa macho. "Walikucheka?"

"Soko zima."

"Ukakasirika?"

"Nilikasirika sana!"

"Ukakunja uso?"

"Nikakunja uso. Nikakunja mikono." Mamdogo akaonyesha. "Fuu! Fuu! Fuu!"

Midomo ya Sekela ikataka kucheka. Sekela akaibana. Alikuwa hajamaliza kukasirika.

"Haya," akasema kwa sauti ya ukali. "Tupike."

Mama akaenda barazani kuwasha jiko la mkaa. Mkaa ni kazi ya wakubwa. Sekela akapanda juu ya kigoda, mbele ya bakuli.

Akamenya ndizi tatu. Zilikuwa laini kama uji. Akachukua uma.

Ponda! "Hii ni kwa sababu ya kikapu kitupu!"

Ponda! "Hii ni kwa sababu ya Madoa!"

Ponda! Ponda! Ponda! "Na hii ni kwa sababu ya kicheko!"

Ndizi zikawa rojo. Rojo nyingine ikaruka mpaka kwenye pua ya Mamdogo. Mamdogo akaipangusa bila kucheka.

Sekela akavunja yai. Kra! Ganda likaingia. Akalitoa. Akavunja la pili. Ganda tena! Akalitoa tena.

Akaweka sukari. Akaweka mafuta. Akaweka unga wa ngano. Puuf! Unga ukapanda hewani. Akakoroga. Koro-koro-koro.

Mamdogo alikuwa ameishika ile karatasi ya Mwalimu. "Sekela, hapa imeandikwa pia kijiko cha..."

"Usiseme!" akasema Sekela.

"Lakini ni muhimu kuweka..."

"Usiseme! Mkate ni wangu! Najua mwenyewe!"

Sekela akakunja uso. Mikono hakuikunja, ilikuwa na unga.
Fuu! Fuu! Fuu!

Mamdogo akafunga mdomo. Akaiweka karatasi mezani.

Mama akamimina rojo ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta. Akafunika. Akaweka makaa machache chini. Akaweka makaa juu ya mfuniko.

Wakangoja. Wakala wali na maharage. Wakangoja tena.

Mama akaondoa makaa. Akafunua.

Mkate ulikuwa umelala chini ya sufuria. Ulikuwa mwembamba kama chapati, na mgumu kama tofali.

Mama akaugonga kwa kijiko. Ko! Ko! Ko!

Ulilia kama mlango. Kidogo tu mtu aseme "karibu".

Mama alimtazama Mamdogo. Mamdogo alimtazama Mama. Hakuna aliyecheka.

"MKATE MBAYA!" akapiga kelele Sekela. "Jiko baya! Ndizi mbaya! Sitaki tena! SITAKI!"

Akapiga mguu chini. Di! Akapiga na mwingine. Di!

Akakunja uso. Akakunja mikono, pamoja na unga wake.
Fuu! Fuu! Fuu! FUUU!

Machozi yakatoka. Yakachora mistari kwenye unga wa mashavu.

"Imeandikwa nini?" akauliza Sekela, huku ana kwikwi. "Kwenye karatasi. Kijiko cha nini?"

Mamdogo akasoma. "Kijiko kimoja cha unga wa kuumulia. Ndio unaofanya mkate uinuke."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mamdogo akamfuta machozi.

Sekela akakumbuka. Usiseme. Usiseme. Mkate ni wangu.

"Mimi ndiye niliyekwambia usiseme," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ulikuwa na hasira," akasema Mamdogo.

"Bado ninazo. Lakini sasa nimejikasirikia mimi."

"Aa, hizo ndizo hasira mbaya kuliko zote," akasema Mamdogo. "Huwezi hata kuzifungia mlango."

Akakata kona ya mkate mgumu. Ilibidi atumie mikono miwili. Akaichovya kwenye chai. Akangoja. Akatafuna. Akatafuna. Akatafuna.

"Unaliwa?" akauliza Sekela.

"Unaliwa," akasema Mamdogo. "Ila usiwe na haraka."

Sekela akacheka! Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kilipita pale kwenye pengo la meno. Hiii!

Mama akacheka. Mamdogo akacheka. Safari hii walicheka wote watatu, na hakuna aliyeumia.

"Ndizi ngapi zimebaki?" akauliza Mama.

Sekela akahesabu. "Moja. Mbili. Tatu!"

"Mayai?"

"Mawili!"

Sekela akanawa uso. Akapanda tena juu ya kigoda. Akampa Mamdogo karatasi.

"Mamdogo, soma. Nitakusikiliza."

"Ponda ndizi," akasoma Mamdogo.

Sekela akaponda. Ponda, ponda, ponda. Rojo haikuruka.

"Vunja mayai."

Kra! Hakuna ganda. Kra! Ganda moja dogo. Akalitoa.

"Sukari. Mafuta. Unga wa ngano."

Puuf! Koro-koro-koro.

"Na sasa?" akauliza Sekela.

"Sasa, kijiko kimoja cha unga wa kuumulia."

Mama akafungua kopo. Sekela akachota kijiko kimoja. Hakikuwa na mlima, hakikuwa na shimo. Akakimimina polepole.

Koro-koro-koro.

Sufuria ikarudi kwenye jiko la barazani. Makaa machache chini. Makaa juu. Wakangoja.

Sekela akakaa barazani katikati ya Mama na Mamdogo. Mvua ikapungua. Pata. Pata. Pa.

"Na huu ukiwa mgumu?" akauliza.

"Tutauchovya," akasema Mama.

"Na ukiungua?"

"Tutaukwangua."

"Na mimi nikikasirika tena?"

"Utakasirika," akasema Mamdogo. "Na sisi tutakuwa hapa hapa."

Ndipo harufu ikaja. Kwanza ilikuja kidogo. Halafu ikajaza baraza. Harufu ya ndizi, harufu ya sukari, harufu ya mkate.

Hata Madoa akainua kichwa. Mooo!

"Wewe ulishakula!" Sekela akamwambia.

Mama akaondoa makaa. Sekela akafumba macho. Mama akafunua.

"Fumbua macho, Sekela."

Sekela akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

Mkate ulikuwa umeinuka! Ulikuwa wa kahawia. Juu ulikuwa na ufa mrefu, na upande mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine. Ulikaa kama kofia iliyokaa upande.

Mama akauchoma kwa kijiti kisafi. Kijiti kikatoka kikavu.

"Umeiva," akasema Mama. "Mwanangu, umeiva!"

Sekela akaruka juu. Akaruka tena. Akamkumbatia Mama. Akakikumbatia kigoda. Akageuka, akamtazama Mamdogo.

Kisha akamkumbatia Mamdogo, kwa nguvu, na unga wote.

"Hasira zimekwisha?" akauliza Mamdogo.

Sekela akalisikiliza tumbo lake. "Zimekwisha," akasema. "Sasa kuna njaa tu."

Walikula mkate ukiwa bado na joto. Kulisikika kutafuna tu.

Mama alikula vipande viwili. Mamdogo alikula vitatu. Sekela alikula vinne, na makombo yote ya sahani.

Usiku ukaingia. Baridi ya Tukuyu ikapita chini ya mlango.

Sekela na Mamdogo walilala kitanda kimoja. Mama akawafunika blanketi zito, akapunguza taa.

"Mamdogo," akanong'ona Sekela. "Unarudi Kyela lini?"

"Jumatano."

Sekela akahesabu kwa vidole chini ya blanketi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jumatano.

"Ni karibu sana," akasema.

"Bado siku nne, mwanangu. Lala."

Sekela akajivuta. Akajivuta tena kidogo.

"Mamdogo, sogea huku. Miguu yangu ina baridi."

Mamdogo akasogea. Sekela akaweka miguu yake miwili ya baridi kwenye miguu ya moto ya Mamdogo.

"Uwii!" akasema Mamdogo. "Hiyo ni miguu au barafu?"

Lakini Sekela hakumjibu. Alikuwa ameshalala.